Ukitaka kuorodhesha miti na magofu ya kata yenu, anzia kwenye miti

Nasema hivi kutokana na niliyoyaona huku kwetu Bagamoyo vijijini. Ukishapita kwa mtendaji na mwenyekiti, usiingie mitaani na futi kamba ukaanza kuuliza makaburi ya zamani yako wapi, hapo tayari ushakuwa mtafuta mali ya Mjerumani au dalali wa viwanja, na mzee anayejua kila kitu atakwambia hajui kitu. Lakini muulize habari za mbuyu! Utakaa hapo mpaka adhuhuri, atakwambia unaitwaje, nani walikuwa wakitambika chini yake, na katikati ya maneno kaburi la nguzo, yaani lile la kale lenye mnara wa mawe, linajitokeza lenyewe wala hukuuliza. Na kiukweli vitu hivi vinaenda pamoja, huku pwani palipo na mibuyu mikubwa na mikwaju mara nyingi palikuwa na makazi ya watu, angalia chini utaona vigae vya vyungu na mawe ya matumbawe.

Mti pima mzingo usawa wa kifua, yaani mita 1.3 toka ardhini, andika jina wanaloliita wenyeji na shamba ni la nani. Umri achana nao. Shina la mbuyu linaweza kuwa mashina kadhaa yaliyoungana, kwahiyo ule unene haukwambii umri, na hizo hadithi za "una miaka 1,000" waachieni watembeza watalii.

Kwenye magofu piga picha pande zote ukiwa umeweka rula ya kuonyesha ukubwa, usichimbe, na kigae usiokote hata kimoja maana kikishatoka pale kilipolala habari yake nyingi imepotea. Watu wengi wanadhani mpaka kuwe na kibao kama kule kwenye magofu ya Kaole ndio pawe pa serikali, sio kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa majengo na makaburi ya kabla ya 1863 hata kama yako porini hayana kibao, mwambieni na yule anayebomoa kuta apate mawe ya msingi.

Halafu zile namba za GPS jamani msirushe kwenye grupu la WhatsApp, wachimbaji wa mali watafika usiku huohuo. Sisi tuna kaunta buku mbili, moja ya majina na hadithi anasoma yeyote, nyingine ya mahali vilipo iko kwa mtendaji na kopi kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Mpingo, mninga na mvule haikatwi bila kibali, hiyo inajulikana, ila mbuyu wa kijiji ili ulindwe unahitaji sheria ndogo, kwahiyo orodha ipelekeni mkutano mkuu wa kijiji ipitishwe, ndipo iende halmashauri. Huko inaweza kulala sana, fuatilieni, na muhtasari wa mkutano pigeni fotokopi mapema kabla hamjaukabidhi.