Homa isiyoisha kwa mwenye vali mbovu

Pole dada. Unasema homa ya kaka yako huko Mbarara imeingia mwezi wa pili, katibiwa malaria na taifodi bila nafuu, na vali ya moyo (mlango unaozuia damu kurudi nyuma) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Mimi ningeanzia hapo kwenye vali.

Bakteria hupenda kung'ang'ania vali yenye kovu; ugonjwa huo huitwa endokaditisi. Mara nyingi ni streptokoka au stafilokoka, lakini anayekamua ng'ombe na kunywa maziwa mabichi anaweza kuwa na bakteria wa mifugo: brusela, au koksiela, inayojaa kwenye kondo la nyuma la mbuzi na ng'ombe. Koksiela haioti kwenye chupa za kawaida ambamo maabara huotesha damu kutafuta bakteria, na brusela huota polepole mno. Kwa hiyo jibu la "hakuna bakteria" lisiwatulize, hasa kama alishameza antibayotiki za dukani kabla ya kutolewa damu. Hilo huniuma sana. Kama kaka yako hushika ng'ombe au hunywa maziwa mabichi, mwambieni daktari hata asipouliza, na mwombe kipimo cha damu cha kingamwili za brusela na koksiela.

Mwangalie kucha pia: vimistari vyembamba vya kahawia, kama kibanzi kilichochoma ndani, ni dalili ya ugonjwa huu, ingawa wengi hawavipati.

Vipande vya uchafu wa bakteria hubanduka kwenye vali vikaziba mshipa wa ubongo. Vali ikitoboka, moyo hushindwa kazi. Koksiela hutibiwa miezi 18 au zaidi, na wengine hubadilishiwa vali.

Ombeni rufaa ya Taasisi ya Moyo pale hospitali ya Mulago, Kampala, afanyiwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mdomo ukipinda au akishindwa kupumua akilala, msingoje kukuche.