Chora mishale kwanza, mengine baadaye

Nina chaji +4 na +1 (mikrokulombu), sentimita 30 kati yao. Nimetafuta mahali uga wa umeme (nguvu ya kusukuma au kuvuta inayozunguka chaji) unapofutika, nikapata sentimita 20 na sentimita 60 kutoka kwa ile kubwa. Nichukue lipi? (S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, Jinja, Uganda)

Chukua 20. Umenitumia picha ya daftari: mistari kumi na mbili ya hesabu, mshale hata mmoja wa kuonyesha uga unaelekea wapi hakuna. Hapo ndipo ulipokwama. Unaposema 4/x² ni sawa na 1/(30−x)², x ikiwa umbali kutoka kwa ile kubwa, umelinganisha ukubwa tu. Mlinganyo haujui uga unaelekea wapi. Chaji zote mbili ni chanya, kwa hiyo mishale inatoka nje ya kila moja. Kwenye 20, katikati yao, inakabiliana na kufutana. Kwenye 60 umeshaipita ile ndogo na mishale yote inaelekea upande mmoja: badala ya sifuri una maradufu.

Sasa ifanye +1 iwe −1. Mlinganyo ni uleule, majibu ni yaleyale, ila safari hii 60 ndilo la kweli na 20 ni mtego. Anayekariri "nukta iko katikati" (nukta ya sifuri, pale uga unapofutika) anaumia hapo kila mwaka, halafu analaumu UNEB, baraza la mitihani.

Mwalimu, naomba fomula ya mkato.

Sina. Na ningekuwa nayo nisingekupa.

Chaji ni +3 na −3. Nukta iko wapi? (Mbale)

Haipo. Acha kuitafuta.

Uga ukiwa sifuri, si potenshali (nishati kwa kila kipimo cha chaji) nayo ni sifuri?

Nimeshalijibu hili mpaka kalamu imechoka. Katikati ya chaji mbili chanya zinazolingana uga ni sifuri, potenshali si sifuri. Katikati ya chanya na hasi zinazolingana, kinyume chake. Uga una mwelekeo, potenshali haina. Namba chanya na hasi zinajumlishwa tu.

Nikiweka chaji nyingine kwenye nukta hiyo, itatulia?

Itasimama, lakini haitatulia. Kati ya chanya mbili, chaji chanya ikisogea kwenye mstari itarudishwa. Ikiteleza pembeni kidogo, imekwenda. Samuel Earnshaw alilithibitisha jambo hili kwa jumla mwaka 1842: kani za umeme tuli peke yake haziwezi kuituliza chaji.

Basi kukiwa na radi, mtu anaweza kutafuta nukta ya sifuri asimame hapo? (mzazi, Masindi)

Hapana, mama. Chaji za wingu hazikai mahali pamoja zikusubiri upige hesabu. Ondoka uwanjani, usijikinge chini ya mwembe. Na usidhani paa lolote linatosha: Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 Kiryandongo wakiwa darasani. Kwenye kikao cha wazazi, kabla ya kuchangia rangi ya geti, uliza kinga ya radi iko wapi, na waya wake umezikwa ardhini au unaning'inia.