Maswali ya Wasomaji: Nani Hufanya Nini Kwenye Maabara ya Protini?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nimepata nafasi ya uzamili Odense, Denmaki, kwenye kikundi cha proteomiki (uchunguzi wa protini nyingi za seli kwa pamoja). Nimetumiwa orodha ya wenzangu na miradi yao: mmoja ameandikiwa "fosfopeptidi", wa pili "SILAC", wa tatu "takwimu", na wa nne "mashine" basi. Naombeni mnifafanulie kabla sijaenda kuaibika. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hongera. Umeangukia pazuri, maana njia hizo mbili za kwanza zina historia palepale Odense. SILAC, njia ya kulinganisha wingi wa protini kwa kulisha seli amino asidi nzito, ilichapishwa mwaka 2002 na kundi la Matthias Mann alipokuwa akifanya kazi huko. Mwaka 2005 Martin Larsen na wenzake, Peter Roepstorff akiwemo, wakaonyesha namna ya kunasa fosfopeptidi, yaani vipande vya protini vyenye fosfeti, kwa titani dioksidi bila kuzoa takataka nyingi.

Njia kuu ni moja kwa wote. Protini hukatwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na arjinini tu, tena huwa kinasita kama amino asidi inayofuata ni prolini. Vipande hivyo, yaani peptidi, husukumwa kwenye mrija wenye tundu la mikromita 75, mwendo wa nanolita 250 hivi kwa dakika, kisha hurushwa ndani ya spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli. Mashine hupima peptidi nzima, huivunja, hupima vipande vyake, na kompyuta hutafuta ni protini gani ingeweza kutoa vipande vya namna hiyo. Wenzako wanatofautiana kwa swali wanalouliza.

Mwenye SILAC hufuga seli. Kundi moja hulishwa lisini na arjinini za kawaida, jingine hulishwa zilizoundwa kwa kaboni-13 na naitrojeni-15: lisini inazidi kwa daltoni 8 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli), arjinini kwa 10. Seli za pande zote mbili huchanganywa mapema, hata kabla ya kupasuliwa, kwa hiyo kinachopotea njiani kinapotea kwa pande zote sawasawa. Mashineni kila peptidi hutokea kama pacha, kilele chepesi na kizito kwenye grafu, na ukilinganisha urefu wa mapacha hao unajua protini imeongezeka au imepungua. Wengi huharibikiwa kwenye seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli. Ya kawaida ina amino asidi zake nyepesi, nazo huingia kwenye protini na kuchafua hesabu. Tumia iliyochujwa ikatolewa molekuli ndogo. Seli zijigawe mara 5 kwa uchache, maana hapo ndipo mabaki ya zamani hushuka hadi asilimia 3 hivi. Ukiona pacha mzito amegawanyika vilele viwili, shuku kwamba seli zinageuza arjinini kuwa prolini. Ongeza prolini ya kawaida kwenye chakula chao.

Wa fosfopeptidi anatafuta mahali ambapo seli imebandika fosfeti kwenye serini, threonini au tairosini, nyongeza ya daltoni 79.966. Peptidi hizo ni chache mno, ndiyo maana utamwona anaanza na mikrogramu mia kadhaa wakati mashine yenyewe hutosheka na moja. Huzichanganya na punje za titani dioksidi, kiasi cha miligramu 0.6 kwa kila mikrogramu 100 za peptidi, ndani ya asetonitrili asilimia 80, asidi ya trifluoroasetiki asilimia 5 na asidi ya glikoli mola 1. Ukali huo wa asidi si mbwembwe. Peptidi zenye aspateti na glutameti nyingi nazo hupenda kung'ang'ania punje; kwenye asidi kali hupoteza chaji na kuachia. Baada ya kuosha, fosfopeptidi hutolewa kwa maji ya amonia yenye pH ya 11 hivi. Akizidisha punje, nafasi zinazobaki wazi hujazwa na zisizo na fosfeti. Na asipoweka vizuizi vya fosfatesi (vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti) tangu dakika ya kupasua seli, hakuna punje itakayomsaidia, kwa sababu fosfeti zimeshang'olewa.

Wa takwimu huingiza kwenye kompyuta protini za kweli pamoja na za bandia zilizopinduliwa mpangilio, kisha huhesabu za bandia zilizopenya na kuweka mpaka, kwa kawaida asilimia 1 ya makosa. Protini iliyosimama kwa peptidi moja tu atakuhoji nayo, na ana haki.

Wa mashine mheshimu kuliko wote. Sabuni ya maabara ikiingia kwenye mrija wake, ni foleni ya watu wote inayosimama, siyo sampuli yako pekee.

SWALI: Tulituma sampuli za seli kwenye mashine ya chuo kingine. Orodha imejaa keratini, halafu kuna msururu wa vilele vinavyopishana kwa daltoni 44. Pia peptidi nyingi hazikukatika kikamilifu na baadhi zimezidi kwa daltoni 43. Tulitumia yurea mola 8 na kuchemsha kwenye nyuzi 95. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hayo ni matatizo matatu, na yote yameanzia mezani kwenu.

Keratini ni ngozi, nywele na sweta la sufu. Vaeni glovu na kuzibadilisha mara kwa mara, zifungeni chupa, na msiiname juu ya mirija iliyo wazi. Msururu wa 44 ni polietilini glikoli, mara nyingi kutoka sabuni za maabara za Triton au Tween. Safisheni protini kwa kuzitenga zishuke chini kwa asetoni baridi kabla ya kukata, na sabuni hizo msizirudishe tena.

Daltoni 43 ni yurea. Ikipashwa moto hutoa sayaneti, ambayo hujishikiza kwenye lisini na kwenye mwanzo wa peptidi. Tripsini haikati lisini iliyozibwa hivyo, ndiyo mkaona vipande virefu. Tengenezeni yurea siku ileile, msivuke nyuzi 37. Vunjeni vifungo vya salfa kwa kemikali ya DTT milimola 5 kwa saa moja bila kuchemsha, wekeni iodoasetamidi milimola 15 ili visijifunge tena, gizani kwa dakika 30, kisha zimueni mpaka yurea iwe chini ya mola 1. Hapo ndipo tripsini iingie, sehemu 1 kwa 50 za protini, pH 8, usiku kucha. Asubuhi tieni asidi hadi pH ishuke chini ya 3, mpitishe kwenye kichujio cha C18 kuondoa chumvi.

SWALI: Je, nikituma plazima ya damu watanionyesha protini zote? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Hapana. Protini 22 hivi hubeba asilimia 99 ya uzito wote, albumini peke yake ikichukua karibu nusu au zaidi. Ongeeni kwanza na maabara kuhusu kuziondoa hizo kubwa. Na kabla ya hapo hakikisheni damu imetenganishwa mapema bila chembe nyekundu kupasuka: plazima yenye rangi ya waridi ina himoglobini, msiitume.