Maswali na majibu: Vitamini D na kipokezi chake

Daktari, mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, miguu imepinda. Jua letu la Mbale lote hili, matege yametoka wapi?

Matege mepesi, sawasawa miguu yote, kabla ya miaka 2 mara nyingi hunyooka yenyewe. Papasa mbavu, pale zinapokutana na gegedu: ukigusa vinundu kama shanga, au kifundo cha mkono kimevimba, mpeleke hospitali akapigwe eksirei na kupimwa kalisiamu, fosfeti na alkalini fosfatesi (kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiugua).

Penye jua jingi ngozi hujitengenezea vitamini D, kwa hiyo tuhumu upungufu wa kalisiamu kwanza. Mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na uji wa mahindi na matoke hupata kidogo mno, na fitati, kemikali iliyo ndani ya mahindi, hung'ang'ania hata hicho kidogo. Mukene (dagaa) waliokaushwa, wakatwangwa pamoja na mifupa na kuchekechwa, watie kwenye uji kila siku. Ikithibitika ni matege ya ugonjwa, mtoto wa mwaka 1 hadi 12 kwa kawaida hupewa vitamini D, IU (vipimo vya kimataifa) 3000 hadi 6000 kwa siku, kwa wiki 12 au zaidi, pamoja na kalisiamu miligramu 500 kila siku. Vitamini peke yake, bila kalisiamu, haijengi mfupa.

Wa dada yangu ametibiwa hivyo hivyo miezi mingi, hakuna nafuu, na nywele zote zimekatika. Kwa nini?

Hapo shuku kipokezi chenyewe cha vitamini D. Vitamini D hubadilishwa na ini, kisha figo, ndipo inakuwa kalisitrioli, umbo lake linalofanya kazi mwilini. Hiyo hushikwa na kipokezi, protini ya asidi amino 427 iliyo ndani ya seli, ambayo huungana na protini mwenzake iitwayo RXR, wakakaa juu ya DNA na kuwasha jeni za kufyonza kalisiamu utumboni. Mtoto akirithi jeni mbovu kutoka kwa baba na mama, kalisitrioli hujaa kwenye damu huku kalisiamu ikiwa chini. Kupima kalisitrioli kwenye damu ndiko kunakofichua. Tiba ni kalisiamu ya mshipani, pengine kwa miezi, kisha ya kumeza kwa wingi. Mifupa hupona, ila nywele kwa kawaida hazirudi: shina la nywele linakihitaji kipokezi hata pasipo kalisitrioli.

Natumia dawa za TB. Niongeze vitamini D nipone haraka?

Wazo lina msingi. Seli za kinga zikimgundua bakteria wa TB hujitengenezea kalisitrioli, na kipokezi huwasha kathelisidini, protini ndogo inayomshambulia. Hilo lilionyeshwa mwaka 2006. Kwa wagonjwa, hata hivyo, majaribio hayakuonyesha kwamba kuiongeza kunaharakisha kupona kwa kiasi cha maana. Tena seli hizo hizo zinaweza kupandisha kalisiamu kupita kiasi: kiu, kukojoa sana, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Maliza dawa zako. Vidonge vya ziada umeze kwa ushauri wa daktari tu.

Nina ugonjwa wa figo. Kuota jua kutanitosha?

Hapana. Figo dhaifu haimalizii ile hatua ya pili ya kutengeneza kalisitrioli, kwa hiyo kipokezi ni kizima lakini hakina cha kushika. Muulize daktari wako kuhusu kalisitrioli yenyewe au alfakalisidoli, dawa ya jamii yake, na upimwe kalisiamu mara kwa mara.

Nimeambiwa nipime jeni ya kipokezi, tofauti ya kurithi iitwayo FokI. Inafaa?

Tofauti hiyo hurefusha protini kwa asidi amino 3 tu, 427 badala ya 424. Haibadilishi dozi yako. Pesa hiyo nunua mukene.