Jina na umri wa Seuthopolis, mji wa Watrakia ulio chini ya maji

Swali: Nimesoma kwamba Seuthopolis, mji wa kale wa Watrakia nchini Bulgaria, umefunikwa na bwawa. Wataalamu walijuaje jina lake na wakati watu walipoishi humo?

Jibu: Mji huo ulichimbuliwa kabla bwawa halijajazwa. Mwaka 1948, bwawa ambalo leo huitwa Koprinka lilipokuwa likijengwa kwenye mto Tundzha, karibu na Kazanlak, magofu yalionekana, na kikosi cha mwanaakiolojia Dimitar P. Dimitrov kikafanya kazi hapo hadi 1954.

Jina limetokana na maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye marumaru. Ni kiapo cha Berenike, mke wa mfalme Seuthes wa Tatu, pamoja na wanawe, kuhusu kumkabidhi mtu aitwaye Epimenes kwa Spartokos, mtawala wa Kabyle, mji mwingine wa Watrakia. Mistari ya mwisho inaagiza kiapo hicho kisimamishwe Kabyle, na vilevile Seuthopolis, katika hekalu la Miungu Wakuu na kwenye uwanja wa soko. Kwangu mimi agizo hilo lina thamani kubwa kuliko kiapo chenyewe, kwa sababu linautaja mji kwa jina na kutuonyesha majengo ya kutafuta ndani yake.

Kuhusu umri, ushahidi mzuri zaidi ni sarafu zilizopatikana katika magofu hayo. Seuthes aligonga baadhi ya sarafu zake za shaba juu ya sarafu za watawala wengine, na ukiishika moja kwenye mwanga wa ubavuni utaona mabaki ya picha ya awali yakichungulia chini ya ile mpya. Iwapo ya chini ni ya Cassander, mfalme wa Makedonia, aliyefariki mwaka 297 KK, basi ile ya juu haiwezi kuwa ya kabla ya enzi yake. Mihuri kwenye vipini vya mitungi ya divai kutoka kisiwa cha Thasos husaidia kuthibitisha hesabu hiyo. Kwa njia hiyo mji huwekwa kati ya mwisho wa karne ya 4 na karne ya 3 KK.

Mitaa ilinyooka kwa mpangilio wa Kigiriki, lakini ndani ya nyumba kulikuwa na meko ya udongo yenye nakshi, ambayo ni desturi ya Watrakia wenyewe. Karne nyingi baadaye, katika Zama za Kati, watu walikuja tena kuishi juu ya magofu hayo.