Fiwi ni za ng'ombe au za shamba?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi niko Urambo nina eka tatu, tulilima tumbaku miaka mingi sasa nimehamia kwenye mahindi lakini ardhi imechoka, kichanga kitupu, mahindi yanatoka ya njano na hata mbolea ya dukani nikiweka mvua ikipiga inazama yote. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi, kiangazi nahangaika mno na majani. Nimeambiwa nipande mukuna ya kufunika udongo, jirani ananicheka eti huo ni upupu utatuwasha. Nifanyeje? Mama wa wanne, Urambo.

JIBU: Marahaba mama. Jirani hajakosea sana, mukuna ni ndugu yake upupu kweli, ila hii ya shambani haiwashi. Shida iko kwenye mbegu, mbichi zina sumu, usimpe ng'ombe wala usijaribu kupika kama maharage.

Kwa mtu mwenye mifugo mimi nasema anza na fiwi, jamii ya kunde inayotambaa, wengine wanaziita ngwara. Mizizi yake inaenda chini sana kwahiyo mvua ikishakata na mahindi yamekauka zenyewe bado za kijani. Ila usipande siku moja na mahindi, zitayapanda juu ziyaangushe (niliyaona haya shambani kwangu, sitasahau), subiri umalize palizi ya kwanza ndo udondoshee mbegu mbili mbili katikati ya mistari. Zikianza kutoa maua chimba shina moja uangalie kwenye mizizi, utaona vinundu, pasua kimoja kwa kucha, ndani pakiwa pekundu jua mbolea inatengenezwa humo, pakiwa peupe bado.

Sasa utauliza fiwi hizo ni za ng'ombe au za shamba. Ukikata zote mpaka chini ukapeleka bandani utapata maziwa lakini shamba umeliibia, mwakani mahindi njano vilevile. Kata juu juu, mashina na mizizi vibaki, halafu samadi irudi kulekule zilikotoka fiwi, sio ikae rundo nyuma ya banda inanyeshewa masika yote kama ninavyoona kwa wengi. Na ng'ombe mwenye njaa usimwachie ale mbichi zenye umande, tumbo linajaa gesi linavimba upande wa kushoto na anaweza kufa hapohapo. Anika kivulini siku mbili tatu changanya na mabua.

Kama kuna kipande unataka kurudishia tumbaku, hapo fiwi na kunde achana nazo maana zinaweza kukuzalishia minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ikavimba), weka marejea, mmea mwingine jamii ya kunde, yenyewe inaipunguza. Ila marejea ni ya kufukia sio ya kulisha, hasa mbegu zake.

Halafu kuna ng'ombe za watu. Huku kwetu Tabora mahindi yakishavunwa kila mchungaji anaona shamba ni lake, na kijani pekee kitakachobaki ni chako. Kwahiyo mwaka wa kwanza nusu eka tu, ile iliyo karibu na nyumba, na uzungushie miba kabla hujavuna mahindi.