Mashine ya kukata nyasi: tazama injini kabla ya jina

Dada, umeuliza ununue mashine ya kukata nyasi ya kampuni gani kwa uwanja wako wa nusu eka hapo Arusha, ili isikusumbue baada ya msimu mmoja. Mimi ningeanza na injini. Jina lililoandikwa kwenye bodi mara nyingi si la aliyeiunda injini; kampuni nyingi hufunga ya Honda au ya Briggs & Stratton, kisha hupaka rangi yao.

Ukiwa na uwezo, tafuta yenye injini ya Honda GXV160, ujazo wake cc 163. Ni ghali, lakini fundi aliyezoea pampu na jenereta haitamtisha. Angalia tu usiuziwe ya kuigiza, zimejaa madukani. Stihl na Husqvarna nazo ni imara.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji akuoneshe kisu, kichujio cha hewa na kamba ya kuwashia vya akiba. Akianza kusema "tutakuagizia", aga uondoke. Mimi niliwahi kununua ya bei chee, jina nalihifadhi. Kisu kilipoisha hakikupatikana popote, nikachongewa kingine na fundi wa kuchomelea. Mashine ilitetemeka kama bajaji kwenye makorongo! Usinifuate huko, kisu kisicho na mizani ni hatari.

Oili weka 10W-30, na kiangazi usiache petroli ndani, itaziba kabureta. Kama uwanja una mawe au mteremko mkali, achana na ya magurudumu, chukua ya kuvaa begani.